Shajara ya mradi: kuzisaka seli shina za pituitari katika vichwa vya mbuzi, Mombasa

Februari. Kaskazi ingali inavuma

Pendekezo letu limepata sahihi leo, kwa hiyo naanza kuandika. Swali lenyewe ni fupi: ndani ya tezi ya pituitari ya mbuzi aliyekwisha kukua, ziko seli ambazo bado zinaweza kuzaa seli nyingine za tezi hiyo, yaani seli shina? Kama ziko, zinakaa wapi, na tutazitambuaje?

Kwa asiyeijua tezi hii, iko chini kabisa ya ubongo, imelala katika kibonde cha mfupa kwenye sakafu ya fuvu. Kwa binadamu uzito wake ni karibu nusu gramu. Nusu gramu hiyo ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji, prolaktini ya maziwa, ACTH inayoziamsha tezi za juu ya figo, TSH inayoiamrisha tezi ya thairoidi, na LH pamoja na FSH zinazoendesha ovari na korodani. Homoni hizo 6 hutoka sehemu ya mbele, kwa aina 5 za seli, maana LH na FSH hutengenezwa na aina moja. Sehemu ya nyuma ina asili nyingine kabisa. Ile ni ubongo wenyewe ulioshuka.

Sehemu ya mbele huanzia kwenye paa la kinywa cha kiinitete. Utando wa kinywa hujikunja kuelekea juu, ukafanya kifuko, kifuko kikajikata na kwenda kukutana na ubongo unaoshuka. Mjerumani Martin Rathke alikieleza kifuko hicho mwaka 1838 na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Uwazi uliokuwa ndani yake hubaki, ukawa mwanya mwembamba kati ya sehemu ya mbele na ya kati.

Huo mwanya ndio sababu ya kumchagua mbuzi. Kwa binadamu mtu mzima hujifunga, vikabaki vifuko vidogo tu. Kwa mbuzi hubaki wazi. Na katika panya wadogo wa maabara, ambao ndio waliochunguzwa zaidi, seli tunazozitafuta zimeonekana kwa wingi kandokando ya mwanya. Tena Mombasa mbuzi huchinjwa kila alfajiri kwa ajili ya kuliwa, kwa hiyo hakuna mnyama atakayekufa kwa sababu yetu. Hilo nililitaka tangu mwanzo.

Februari, wiki iliyofuata. Machinjioni

Asubuhi nzima imekwenda kwenye maelewano. Kichwa cha mbuzi hapa ni mali. Kinauzwa kwa supu, na mnunuzi anakitaka kizima, ubongo ukiwa ndani. Mzee anayesimamia uchinjaji alinisikiliza mpaka mwisho.

"Binti, hicho unachokitaka kiko wapi hasa?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya koleo: hapa, chini ya ubongo, nyuma ya mahali mishipa ya macho inapokutana.

"Miaka yote hii napasua vichwa, na sijapata kukitazama."

"Mzee, ni kidogo, na kimefunikwa na utando."

Akakubali. Tunalipa bei ya kichwa, tunatoa tezi na kipande cha ubongo, na nyama inayobaki inarudi kwake ikapikwe. Hakuna kinachotupwa.

Jambo lililotuchukua muda ni namna ya kukifungua kichwa. Wao hukipasua kwa shoka katikati, kuanzia paji. Njia hiyo ni ya haraka, ila shoka hupita juu ya tezi yenyewe na kuigawa vibaya. Tumeomba tuondoe kofia ya fuvu kwa msumeno, kisha tunauinua ubongo kuanzia mbele, tunakata mishipa ya macho, tunakata kikonyo cha tezi kabla hakijanyofoka, na ubongo unatoka. Tezi inabaki kibondeni chini ya utando wake. Hapo ndipo pa kwenda taratibu, kwa sababu mbuzi ana kitu ambacho binadamu hana: pembeni mwa tezi kuna wavu mnene wa mishipa midogo ya damu. Damu ya ateri iendayo kwenye ubongo hupita humo kwanza, ikapoozwa na damu ya vena inayorudi kutoka puani. Ndiyo maana mbuzi huweza kukaa juani na ubongo wake usipate joto la mwili mzima. Nimeusoma wavu huo vitabuni mara nyingi. Kuuona kwa macho, mwekundu, umeikumbatia tezi pande mbili, kumenifurahisha mno.

Muda ndio adui. Mnyama akifa, seli huanza kujimeng'enya zenyewe, na joto la hapa linaharakisha. Nimeweka sharti: tezi iwe ndani ya formalini ya asilimia 10, dawa ya kuizuia isioze, kabla ya nusu saa kupita tangu kisu. Kichwa kilichokaa zaidi ya hapo hatukichukui, hata kama ni cha bure.

Umri tunausoma menoni. Vijana wa machinjioni wanaujua kuliko mimi: mwenye meno ya utoto yote mbele bado hajafika mwaka au amefika juzijuzi, wa meno mawili makubwa amevuka mwaka, na aliyejaza meno yote ya mbele ana miaka kama minne kwenda juu. Kila chupa inaandikwa jinsia, meno, na saa ya kisu.

Machi. Ramadhani

Siku hizi nafanya kazi ya mikono asubuhi na kusoma baada ya tarawehe, nyumba ikishatulia. Nataka nipange hapa historia ya jambo lenyewe, maana bila hiyo mtu hawezi kujua tunachoweza kudai na tusichoweza.

Mwaka 2005 kikundi cha Hugo Vankelecom huko Leuven, Ubelgiji, kilitumia hila moja ya kale ya watafiti wa damu. Kuna rangi ya Hoechst inayoingia ndani ya seli na kung'aa. Seli shina za uboho zina pampu zinazoitoa rangi hiyo nje, kwa hiyo hubaki hafifu wakati nyingine zinang'aa. Walipoijaribu kwa seli za pituitari ya panya walipata kundi dogo linaloitema rangi. Ilikuwa dalili tu. Pampu ya kutoa rangi si cheti cha kuwa seli shina.

Kisha ukaja mwaka 2008, na tafiti mbili zikatoka katika jarida moja la Marekani, PNAS. Ya kwanza ilitoka London, kwa kina Fauquier, Rizzoti, Lovell-Badge na Robinson. Wao walishika protini ya SOX2. Protini hii hukaa kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingine, na ni miongoni mwa zile 4 alizotumia Shinya Yamanaka mwaka 2006 kuirudisha seli ya kawaida ya panya katika hali ya seli shina. Kina Fauquier walizikuta seli zenye SOX2 zimejipanga kwenye kingo za mwanya. Walipozitenga na kuzilea ndani ya sahani zikafanya vidonge vya mviringo, na ndani ya vidonge hivyo zikatokea seli za homoni zote za sehemu ya mbele.

Ya pili ilitoka California, kwa Gleiberman na wenzake wa maabara ya Rosenfeld. Hawa walikwenda kwa njia ya jeni, na ndiyo iliyonivuta zaidi. Walitumia nestini, protini inayojulikana kwa seli shina za ubongo. Wakamtengeneza panya ambaye seli yoyote iliyowahi kuiwasha nestini inakatwa kipande fulani cha DNA na kimeng'enya kiitwacho Cre. Kipande kikikatwa, seli inatiwa alama isiyofutika, na kila itakachokizaa kitakuwa na alama hiyo, jinsi jina la babu linavyowafuata wajukuu hata wale ambao hawakumwona. Panya alipokua, alama ikaonekana katika seli za homoni zote 6. Na kulikuwa na jambo jingine: seli hizo hazikuwa na mchango mkubwa tezi ilipokuwa ikijengwa tumboni. Zilianza kazi baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo, walisema, tezi ya panya aliyekwisha kukua ina wakaazi wa asili mbili, wale wa tangu kiinitete na wale waliokuja baadaye kutoka kwenye seli shina.

Nestini ina udhaifu wake. Hupatikana pia katika seli za mishipa ya damu, na pituitari imejaa mishipa. Kwa hiyo mwaka 2013 tafiti mbili nyingine, moja ya Andoniadou na wenzake na moja ya Rizzoti na wenzake, zilifanya ufuatiliaji wa kizazi kwa kutumia SOX2 na SOX9, protini ya jamii yake, zenyewe, katika panya waliokwisha kukua, alama ikiwashwa kwa dawa ya tamoksifeni siku mtafiti anayoichagua mwenyewe. Seli hizo zilizaa kweli, lakini kwa uchache, panya akiwa ametulia. Rizzoti alipoondoa tezi za juu ya figo, na mwili ukaidai ACTH kwa nguvu, zikaamka, zikagawanyika, na seli mpya za ACTH zikatokea humo.

Mwaka 2012 kina Vankelecom walikuwa wameshaonyesha upande wa majeraha. Waliziua kwa sumu seli nyingi za homoni ya ukuaji za panya wazima walio bado vijana, na baada ya miezi michache kiasi cha nusu zilikuwa zimerudi.

Ninachokishika katika haya yote ni kimoja. Tangu 2005 mpaka 2013 wote hao walikuwa wakitafuta namna ya kusema "seli hii imezaa ile" badala ya "seli hii inafanana na ile". Sisi na mbuzi wetu tuko kwenye kufanana. Hatuna mbuzi mwenye Cre, wala hatutakuwa naye.

Mwisho wa Machi

Umeme ulikatika usiku, ukarudi mchana. Kingamwili, zile protini zinazonata kwenye protini tunayoitafuta na kutuonyesha ilipo, zilikuwa kwenye friji ndogo yenye barafu za akiba chini, na kipimajoto kilichomo ndani kinaonyesha haikuvuka nyuzi 8. Zimesalimika. Tangu leo kila kingamwili inagawanywa katika vichupa vidogo, nusu vinahifadhiwa kwa wenzetu wenye jenereta.

Aprili. Masika

Vipande vya kwanza vimekatwa. Nta ya parafini, ambamo tezi hugandishwa ili ikatike vizuri, huyeyuka kwenye nyuzi 56 hadi 60 hivi, na mtu angedhani joto la Mombasa liko mbali na hapo. Lakini nta hulainika mapema zaidi kuliko inavyoyeyuka. Wembe wa mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba, ukipita, mkanda unajikunja na tezi inabonyea. Mwenzangu, dada anayeshika mikrotomu, ameanza kuulaza mche wa nta juu ya barafu kabla ya kila mkanda, na anakata alfajiri kabla jua halijapanda. Tangu hapo tunapata vipande vya mikroni 5, yaani elfu tano za… milimita moja ikigawanywa mara elfu, tano zake, vilivyonyooka.

Nimetia rangi za kawaida, hematoksilini na eosini, na nimekaa na hadubini mpaka adhana ya alasiri.

Mbuzi ana tezi nzuri sana. Sehemu ya mbele inaonyesha aina tatu za seli kwa rangi tu. Zile nyekundu zenye punje ni za homoni ya ukuaji na prolaktini. Zile za zambarau ni za ACTH, TSH, LH na FSH. Na katikati yake ziko zilizokataa rangi, zimefifia, hazina punje. Hizo zilizofifia zimewasumbua wanahistolojia, wachunguzi wa tishu, vizazi na vizazi: ni seli za homoni zilizokwisha kumwaga mzigo wake, au ni seli ambazo hazijawa chochote bado? Rangi peke yake haiwezi kujibu.

Sehemu ya kati ni nene, nene kuliko ya binadamu, na kati yake na ya mbele uko mwanya. Uko wazi, umezungukwa na safu moja au mbili za seli zilizobanana, baadhi zina vinywele vinavyoelekea kwenye uwazi. Nyuma kabisa ni sehemu ya ubongo, imefifia, yenye nyuzi, haina sura ya tezi hata kidogo. Nilipoiona picha nzima katika kioo kimoja nilimwita kila aliyekuwa karibu aje atazame.

Mei

Kingamwili ya SOX2 imefika baada ya kungoja sana. Imetengenezwa kwa ajili ya protini ya binadamu, ila SOX2 ya mamalia mbalimbali inafanana mno, kwa hiyo kulikuwa na sababu ya kutumaini. Matumaini hayatoshi kwenye karatasi ya matokeo. Ndiyo maana tangu siku ya machinjioni tulikuwa tukichukua kipande cha ubongo kando ya ventrikali, uwazi wenye maji ndani ya ubongo. Pale zipo seli ambazo kwa kila mamalia aliyepimwa zina SOX2. Ubongo wa mbuzi yule yule ndio shahidi wetu: kingamwili isipoonyesha kitu hapo, haina la kutuambia kuhusu tezi.

Namna tunavyofanya, kwa atakayetaka kufuata: vipande vinaondolewa nta, vinachemshwa katika maji ya sitrati yenye pH 6 ndani ya sufuria ya presha, ili protini zilizofungwa na formalini zifunguke. Vikipoa, vinatiwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Hatua hii kwa pituitari si ya kurukwa. Tezi imejaa chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zina vimeng'enya vinavyoweza kuigeuza rangi ya mwisho kuwa ya kahawia zenyewe, bila kingamwili yoyote kuhusika. Halafu kingamwili ya kwanza usiku kucha kwenye baridi, ya pili asubuhi, kisha DAB, rangi inayoacha kahawia mahali protini ilipo.

Kila kundi la slaidi lina moja isiyotiwa kingamwili ya kwanza. Hiyo lazima itoke safi. Ikitoka na kahawia, kundi zima linawekwa kando.

Leo slaidi ya kulinganishia imetoka safi. Ubongo umetoka na viini vya kahawia mahali panapotakiwa. Na tezi, alhamdulillahi, imetoka na mstari. Viini vya kahawia vimejipanga kwenye kingo zote mbili za mwanya, kimoja baada ya kingine. Ndani zaidi, katikati ya seli za homoni, kuna vikundi vidogo vilivyotawanyika, viwili vitatu hapa, vitano kule. Seli za homoni zilizovizunguka zina viini vya buluu tupu, bila kahawia.

Mwalimu alitazama kimya, akazungusha kipande, akatazama tena. Akasema, "Sasa tazama za mbuzi mzee."

Juni, baada ya Idd Kubwa

Sikukuu imetupa kitu ambacho hatungekipata siku za kawaida. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi hapa pwani, mbuzi wa udhhiya sharti awe ametimiza miaka miwili. Siku za kawaida machinjioni huletwa wengi wachanga, madume wa meno mawili wanaoshushwa kutoka Garissa na Tana River. Siku ya Idd, majirani zangu watatu walinipa vichwa vya mbuzi waliokuwa wamewafuga wenyewe, na umri waliujua kwa mwezi. Mama mmoja alininyooshea beseni akasema, "Haya mwanangu, kasome, ila ulimi uniachie." Nimemwachia.

Hizi tezi za wakubwa ndizo ninazozikata sasa.

Juni, mwisho

Shangazi yangu amekuja kutembea. Alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi. Aliniuliza naangalia nini kwenye vichwa vya mbuzi, na nilipomweleza habari ya prolaktini na maziwa alikaa kimya, kisha akanieleza juu ya mama mmoja aliyemzalisha zamani. Alivuja damu nyingi baada ya kujifungua. Aliokolewa, lakini maziwa hayakushuka hata tone. Hedhi haikurudi tena. Miaka ilivyokwenda akawa mtu wa kuhisi baridi katika joto la hapa, nywele za kwapa zikapukutika, akawa mchovu asiyeweza kusimama jikoni. Watu walisema mengi juu yake.

"Shangazi," nikamwambia, "hilo lina jina." Harold Sheehan, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Glasgow, alilieleza mwaka 1937. Wakati wa ujauzito seli za prolaktini huongezeka na tezi hukua. Sehemu ya mbele hulishwa zaidi na damu yenye msukumo mdogo, iliyokwisha kupita kwanza chini ya ubongo. Mama akivuja damu nyingi, msukumo unaporomoka, na tezi iliyokua inakosa damu ikafa, yote au sehemu. Maziwa hukosekana siku za mwanzo, na mengine yanafuata polepole, mara nyingine kwa miaka, ndiyo maana watu hawaliunganishi na uzazi ule.

Akaniuliza kama angeweza kutibiwa. Angeweza. Dawa zake zipo na si ngeni: haidrokotisoni mahali pa kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, thairoksini mahali pa ile ya thairoidi. Na hapa nataka kila muuguzi na daktari mwanafunzi atakayesoma asimame: haidrokotisoni hutangulia. Thairoksini ikitangulia, huuharakisha mwili ukamalizia kile kidogo cha kotisoli kilichobaki, na mgonjwa anaweza kufa mikononi mwa waliokusudia kumponya. Mama aliyevuja damu wakati wa kujifungua, maziwa yakakosa kushuka na hedhi ikakosa kurudi, apimwe homoni hizi.

"Na hizo seli zako?" akauliza.

Nilimweleza ukweli wote. Huko Japani, mwaka 2011, Suga na wenzake walizichukua seli shina za kiinitete cha panya, zikajijenga zenyewe ndani ya sahani mpaka zikawa tishu ya pituitari inayotoa ACTH. Walipoipandikiza kwa panya walioondolewa tezi, homoni ilipanda. Kutoka hapo mpaka kwa mama wa Kisauni au Likoni ni mbali. Lakini kama kando ya mwanya wa mwanamke huyo zilinusurika seli chache, na kama tungejua kinachoziamsha, basi ni swali linalostahili maisha ya mtu.

Shangazi hakusema kitu zaidi. Aliomba aonyeshwe ule mstari wa kahawia, nikampeleka kesho yake.

Julai. Kusi

Rangi mbili kwa slaidi moja: SOX2 kahawia, homoni nyekundu. SOX2 hukaa ndani ya kiini, homoni hukaa nje ya kiini, kwa hiyo hazigombanii nafasi na jicho halichanganyikiwi. Tumeanza na homoni ya ukuaji. Seli zenye kiini cha kahawia hazina wekundu. Zenye wekundu viini vyake ni vya buluu. Prolaktini nayo inaonyesha vivyo hivyo. Hii inalingana na panya.

S100 imeleta ugumu wa kupendeza. Protini hiyo ni alama ya seli zenye umbo la nyota zilizotapakaa katikati ya seli za homoni. Zinajulikana tangu miaka ya 1950 na hazitoi homoni yoyote ya tezi. Baadhi ya vikundi vyetu vya SOX2 vilivyo mbali na mwanya vina S100 pia, vingine havina. Katika panya kundi la SOX2 na kundi la S100 yanaingiliana kwa sehemu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kila kahawia tunayoiona ni ya aina moja. Huenda ziko zilizolala tayari kuzaa, na ziko zilizokwisha kupata kazi nyingine ya kuzitegemeza jirani zake.

Jana kulikuwa na mabishano marefu juu ya kichwa cha ripoti. Mwenzangu alikuwa ameandika "Seli shina za pituitari ya mbuzi". Ninaielewa hamu yake, amekata vipande vile alfajiri baada ya alfajiri. Nilimwambia, "Dada yangu, tumeona nani anakaa pale. Hatujamwona akizaa." Akajibu kwamba kwa panya zimeonekana zikizaa, na mahali ni pale pale, protini ni ile ile. Hoja ina uzito, lakini nilimpa utafiti wa 2017, tena wa Leuven, ambamo sehemu kubwa ya seli zenye SOX2 iliuawa katika panya waliokwisha kukua. Hazikurudi, na bado mizani ya seli za homoni haikutetereka. Tena seli za homoni zenyewe zinaweza kugawanyika na kujiongeza. Ikiwa hata kwa panya, mwenye zana zote, bado watu wanauliza seli hizi hufanya kazi kiasi gani siku za kawaida, basi sisi hatuna haki ya kumaliza swali kwa rangi ya kahawia.

Mwalimu aliachia tubishane, mwisho akasema kichwa kiseme kilichoonekana. Ripoti sasa inaitwa "Mahali na umbo la seli zenye SOX2 katika pituitari ya mbuzi". Neno seli shina liko ndani, pamoja na sababu za kulishuku na za kulitumaini.

Agosti

Tezi za wakubwa zimekamilika. Mstari wa mwanya upo kwa wote, mpaka kwa jike mzee aliyejaza meno na kuanza kuyapoteza. Vikundi vya ndani vinaonekana kupungua kwa wenye umri mkubwa, lakini mbuzi wetu ni wachache na hawakulishwa sawa, kwa hiyo nimeandika "vinaonekana" na neno hilo litabaki mpaka tupate wengine.

Ninachokitaka zaidi ni majike waliotoka kunyonyesha. Hapo ndipo tezi imetoka kupanuka na kusinyaa, na kama seli za mwanya huamka kwa haja, dalili yake itakuwa hapo. Si rahisi kuwapata. Mfugaji hamuuzi jike mwenye maziwa. Mzee wa machinjioni amesema atanipigia simu akiletwa hata mmoja, "hata kama ni usiku, binti."

Kulea seli ndani ya sahani tumekuahirisha. Kunahitaji chumba safi tusichonacho, na sipendi kuanza kitu kitakachoota kuvu wiki ya kwanza.

Kwa sasa ni Ki-67, protini inayoonekana kwenye kiini cha seli inayogawanyika tu. Tukiiweka pamoja na SOX2 tutajua katika ule mstari ni ngapi ziko macho na ngapi zimelala. Kingamwili yake imeshagawanywa vichupani. Kabla ya kuigusa tezi tunaijaribu kwenye utumbo mwembamba wa mbuzi, ambako seli za vishimo vya ukuta wake hugawanyika mchana na usiku na jibu linajulikana. Utumbo uko ndani ya formalini tangu asubuhi.